Emil Racoviță na Mdudu wa Nchi ya Barafu

Ndugu msomaji, mdudu mdogo akitua mkononi mwako, wewe humpiga ukamsahau. Sasa soma habari za mtu aliyesafiri mpaka kusini kabisa mwa dunia, akamwokota mdudu asiyefikia ukubwa wa punje ya mchele, akamtunza kama mali.

Mtu huyo ni Emil Racoviță. Alizaliwa mwaka 1868 katika mji wa Iași, nchini Romania. Alipokuwa kijana alikwenda Paris, Ufaransa, kusoma sheria. Alifaulu, lakini moyo wake haukuwa kwenye sheria. Alipenda viumbe. Basi akaanza masomo upya, na mwaka 1896 akapata shahada ya udaktari katika elimu ya wanyama.

Mwezi wa Agosti 1897 aliondoka Ubelgiji kwa meli iliyoitwa Belgica. Mkuu wa safari alikuwa Adrien de Gerlache. Walikuwa wakienda Antaktika. Antaktika ni bara lililo kusini kabisa mwa dunia, na karibu nchi yake yote imefunikwa na barafu. Siku hizo wataalamu walijua machache sana kuhusu viumbe wa nchi kavu ya huko.

Mwezi wa Januari na Februari 1898 walishuka pwani mara 20 hivi. Kulikuwa na nyangumi, sili na ngwini, ndege wale wasioruka. Racoviță aliwatazama hao wote. Lakini aliinama pia, akatafuta katika vimea vidogo na chini ya mawe. Huko alipata utitiri na viumbe wengine wadogo. Akampata na mdudu mmoja mweusi, wa jamii ya usubi, ila hana mabawa wala haumi.

Kwa nini hana mabawa? Huko upepo ni mkali mno. Mdudu anayeruka angepeperushwa mpaka baharini. Mdudu huyu hukaa katika hali ya buu kwa muda wa miaka miwili. Mwili wake waweza kuganda kwa baridi, kisha ukaishi. Waweza pia kupoteza zaidi ya nusu ya maji yake, na asife. Anapokuwa mkubwa huishi siku chache tu, akazaa, akafa.

Lakini kumkamata mdudu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika. Racoviță aliandika kila kiumbe kimetoka wapi na kimeokotwa lini. Mdudu asiyejulikana alikotoka ni mdudu mfu tu. Akijulikana mahali pake, huwa alama moja katika ramani.

Mwezi wa Machi 1898 bahari iliganda, na meli ikanaswa. Haikwenda mbele wala nyuma. Kisha jua likazama, lisionekane tena kwa muda wa zaidi ya miezi miwili. Watu wakapata kiseyeye, ugonjwa unaoletwa na kukosa vyakula vibichi. Miguu ilivimba. Wengine walichanganyikiwa akili. Baharia mmoja alikuwa ameanguka baharini na kufa kabla ya meli kunaswa. Mtaalamu mmoja, Emile Danco, akafa katika giza lile. Daktari Frederick Cook akawahimiza wote wale nyama mbichi ya sili na ngwini. Waliokula walipata nguvu.

Kila siku ilikuwa na hatari ya barafu kuivunja meli. Ingevunjika, watu na chupa za viumbe wote wangezama. Jua liliporudi walishika misumeno na baruti, wakakata njia katika barafu. Mwezi wa Machi 1899 wakatoka. Racoviță alirudi Ulaya na viumbe zaidi ya 1,000, pamoja na maandishi yake.

Mwaka 1900 mdudu yule alipewa jina la Belgica antarctica, kwa kuikumbuka meli ile. Wataalamu waliokuja baadaye walitafuta mahali pengine, wakaongeza alama katika ramani. Leo tunajua kwamba anaishi upande wa magharibi wa rasi ya Antaktika na katika visiwa vya jirani, si mahali pengine duniani.

Ramani hiyo ina faida gani? Sikiliza. Katika miaka ya 1960 wataalamu walipanda mimea ya kigeni katika kisiwa cha Signy, kilicho katika bahari ya huko. Pamoja na mimea hiyo aliingia mdudu wa kisiwa cha South Georgia, naye haruki. Aliongezeka, akaenea. Walijuaje kwamba ni mgeni? Kwa sababu ilikuwa imeandikwa wadudu gani wanaishi wapi. Asiyewajua wenyeji hawezi kumtambua mgeni.

Racoviță aliendelea na kazi. Alichunguza wanyama wadogo wanaoishi gizani mapangoni, na mwaka 1920 alianzisha chuo cha elimu ya mapango katika mji wa Cluj, Romania. Kilikuwa cha kwanza duniani. Alifariki mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 79.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kuandika. Ukimwona mdudu mgeni shambani, andika umemwona wapi, na tarehe gani. Maneno hayo machache yaweza kumsaidia mtu ambaye hutamwona kamwe.

Maswali
1. Kwa nini mdudu wa Antaktika hana mabawa?
2. Racoviță aliandika nini kuhusu kila kiumbe?
3. Wataalamu walimtambuaje mdudu mgeni wa kisiwa cha Signy?