SAYYID BARGHASH NA MANOWARI ZA WAGENI



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu yangu msomaji, kama wewe ni mtu wa kupanda feri ya Likoni basi bila shaka umewahi kuiona. Uko pale umebanana na watu, ukitupa jicho upande wa Kilindini unaona meli ya kijivu yenye mizinga, na bendera yake si yetu. Watu husema imekuja ziara tu. Inakaa siku chache, kisha inang'oa nanga na kwenda zake, haikupiga hata risasi moja. Sasa hebu tujiulize, dola inatumia mali yote ile kuleta meli ya vita mpaka huku ili ije kukaa tu?

Jibu tunalipata katika maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake wengi tunalijua lakini habari zake hatuzijui. Naye ni Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kutoka mwaka 1870 mpaka 1888. Wakati wake Likoni, Kisauni na Changamwe zote zilikuwa chini ya bendera yake nyekundu. Toka ujana wake mpaka kufa kwake, manowari za wageni hazikumwacha. Mara zilimpiga, mara zilimsaidia, na mwisho zilimnyang'anya.

MTOTO WA MWENYE MELI

Barghash alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi, na baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Huyu mzee alijua vizuri meli ni kitu gani. Mwaka 1840 alituma meli yake Sultana mpaka New York, ikiongozwa na Ahmad bin Naaman, imebeba bidhaa na zawadi kwa rais wa Marekani. Waingereza nao aliwapa zawadi ya meli nzima ya mizinga 74, iliyoitwa Liverpool. Yaani alikuwa akizungumza na wafalme kwa kutumia meli zake, na wao wakamheshimu kwa sababu walimwona ana meli.

Sayyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akiwa njiani kutoka Maskati. Barghash alikuwa naye ndani ya meli. Alipofika Unguja na maiti ya baba yake alijaribu kuushika utawala usiku ule ule, lakini walinzi wa ngome walikataa kumtii. Akatawala ndugu yake, Sayyid Majid.

UGOMVI WA NDUGU

Hapa ndipo mlango ulipofunguliwa. Mwaka 1859 ndugu yao mwengine, Sayyid Thuwaini wa Maskati, alitoka na merikebu kuja kumpiga Majid. Waingereza wakatuma meli ikamkabili njiani, akarudi. Mwaka 1861 Lord Canning, aliyekuwa mkuu wa Waingereza kule Bara Hindi, akakata shauri kwamba Omani na Zanzibar ziwe dola mbili, na Zanzibar iwe ikiilipa Omani reale 40,000 kila mwaka. Dola ya Sayyid Said ikagawika vipande viwili kwa hukumu ya mtu wa nje.

Na mwaka ule ule wa 1859 Barghash naye alimwasi Majid. Dada zake wawili, Bibi Khole na Bibi Salme, walimuunga mkono. Salme alikuwa msichana wa miaka 15 tu, lakini kwa vile alijua kuandika yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia barua zake za siri. Barghash na watu wake wakajifungia katika shamba la Marseilles. Majid peke yake hakuweza kumtoa, akamwomba balozi wa Kiingereza, na wanamaji wa Kiingereza wakateremka na silaha zao. Barghash akashindwa, akachukuliwa kwa meli ya Kiingereza, Assaye, mpaka Bombay, akakaa huko kama miaka miwili.

Tazama ndugu yangu. Ndugu walikosana, kila mmoja akamtafuta mgeni mwenye mizinga, na mgeni akawa ndiye hakimu wa nyumba.

KIMBUNGA NA MJUMBE

Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akawa Sultani. Waingereza walimtazamia awe mtiifu kwao, lakini mwanzoni alikuwa na msimamo mkali na hakutaka kuburutwa.

Kisha ikaja kadari ya Mwenyezi Mungu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu iling'olewa kwa maelfu, na meli zilizokuwa bandarini, pamoja na zake Sultani, karibu zote zilizama. Kwa siku moja Barghash alipoteza zao lake na meli zake.

Haukupita hata mwaka. Januari 1873 akafika Sir Bartle Frere, mjumbe wa Malkia wa Uingereza, kumtaka apige marufuku biashara ya watumwa ya baharini. Barghash alikataa, Frere akaondoka. Mwezi wa Juni balozi John Kirk akamfikishia ujumbe mwengine: asiposaini, manowari zitaizingira Zanzibar, hakiingii chombo wala hakitoki. Zanzibar ni kisiwa, mchele wake huja kwa bahari. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akasaini, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Hata mzinga mmoja haukulia.

Na hapa tuseme haki hata kama inatuuma. Biashara ile ilikuwa dhulma. Dini yetu imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada na kafara ya madhambi, na haikuwa lazima mgeni aje na mizinga kutufundisha hilo. Tungeliifunga sisi wenyewe kwa mikono yetu, Frere angelikosa la kusema. Dhambi yetu ndiyo iliyompa mgeni hoja, na kumbe alipokuja kwa hoja ya haki alibaki kwa maslahi yake. Mwaka 1874 Waingereza waliiegesha manowari yao kuukuu, iitwayo London, pale bandarini Unguja, nayo ikakaa karibu miaka kumi.

Sisi wa Kisauni ukumbusho wa Frere tunao mlangoni. Mwaka 1875 wamisionari walianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa wakakiita kwa jina lake, Frere Town. Kengele yao ndiyo iliyopapa jina mahali tunapoteremka matatu kila siku, Kengeleni.

MIZINGA JUU YA NGOME YA MOMBASA

Mwezi wa Januari 1875 zamu ilikuwa yetu. Akida wa Ngome ya Mombasa, Muhammad bin Abdallah, maarufu kwa jina la Al-Akida, alimwasi Barghash akajifungia ngomeni. Barghash hakuwa na meli za kumtoa. Manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, zikaja zikaipiga ngome kwa mizinga mpaka Al-Akida akasalimu amri, kisha Waingereza wakamrudishia Sultani ngome yake. Hebu fikiria: mtu anayerudishiwa nyumba yake na jirani, nyumba hiyo tena ni ya nani?

Mwaka huo huo Barghash alialikwa London, akapokewa na Malkia Victoria kwa heshima kubwa. Alipokwisha kurudi akakuta balaa jengine, na safari hii lilitoka kwa Muislamu mwenzake. Khedive Ismail wa Misri alituma manowari na askari chini ya McKillop Pasha, Muingereza aliyekuwa akimtumikia, wakaiteka Barawa na Kismayu. Barghash akakimbilia kwa Waingereza, nao wakamshurutisha Khedive awaondoe watu wake, wakaondoka mwanzoni mwa 1876. Barghash alipata miji yake, lakini deni la fadhila likazidi kuwa zito.

MEMA YAKE NA UPUNGUFU WAKE

Tusimtazame kama mtu dhaifu tu. Barghash alivuta maji safi kutoka Chemchem mpaka mjini Unguja, na watu wakayateka bila ya malipo. Alileta mtambo wa kupiga chapa uliochapa vitabu vya dini. Alinunua meli za moshi za biashara. Jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga mwaka 1883, ni lake.

Lakini pia alikuwa mkali. Yeye alikuwa Ibadhi, na Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, baba yake Sheikh al-Amin, alimfunga kwa sababu ya mafundisho yake ya Kisunni. Sheikh hakutoka jela mpaka Barghash alipokufa. Wakati wageni wanahesabu bandari zake, yeye alikuwa akiwafunga maulamaa wa Kiislamu. Hilo nalo ni la kuzingatiwa.

MANOWARI MBELE YA JUMBA

Mwisho wa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akisainisha machifu mikataba. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatangaza kwamba nchi hizo ziko chini ya himaya yake. Barghash akapinga.

Tarehe 7 Agosti 1885 watu wa Unguja waliona manowari za Kijerumani zimetia nanga mbele ya jumba la Sultani, mizinga ikitazama madirisha. Mkubwa wao, Paschen, akampa Barghash saa 24 tu za kujibu.

Na ndani ya meli moja ya msafara ule alikuwamo Bibi Salme. Ndiyo, yule yule dada aliyekuwa akimwandikia barua. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa, akaolewa na mfanya biashara wa Kijerumani na kuitwa Emily Ruete. Sasa amerudi na watoto wake kudai urithi, na Wajerumani wamemchukua ili wawe na kisingizio kama kitahitajika. Barghash alikataa kumwona.

Alimtazama Kirk, rafiki yake wa miaka mingi. Lakini Kirk alikuwa ameshapata amri kutoka London asiwazuie Wajerumani. Manowari za Kiingereza zilizoipiga ngome yetu kwa ajili ya Barghash safari hii hazikutikisika. Akakubali matakwa yao. Vile vile, hata mzinga mmoja haukulia.

MAILI KUMI

Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani walikaa wakapima ufalme wa Barghash. Kwa mapatano ya tarehe 1 Novemba 1886 wakamwachia visiwa, miji michache ya Benadir, na ukanda wa maili 10, kama kilomita 16, kutoka ufukweni. Yeye mwenyewe hakuwamo katika mazungumzo, aliletewa karatasi aikubali. Mwaka 1887 Wareno nao wakaleta manowari wakachukua Tungi upande wa kusini. Mwaka huo huo Barghash akawakodisha Waingereza pwani yetu. Alikuwa mgonjwa, akenda Omani kutafuta tiba. Alirudi Unguja na hakumaliza siku mbili, akafariki mwezi wa Machi 1888, umri wake miaka 50 na kitu. Allah amsamehe yeye na sisi.

Tarehe 27 Agosti 1896 mwanawe, Sayyid Khalid bin Barghash, alikataa kushuka kutoka kwenye utawala. Manowari za Kiingereza zilipiga jumba kwa muda usiofika saa moja. Watu wake kiasi cha 500 waliuawa na kujeruhiwa, na meli Glasgow aliyoinunua baba yake ikazama pale pale. Khalid alihamishwa mpaka St. Helena na Shelisheli, na mwisho akafariki hapa hapa Mombasa mwaka 1927.

Ule ukanda wa maili kumi ndimo tulimo sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Ulikuwa himaya ya Waingereza toka 1895, ikaja sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, na ardhi ambayo mwenyewe hakuithibitisha kwa karatasi ikahesabiwa ya serikali. Ukanda uliingia Kenya kwa mapatano ya Oktoba 1963. Kwa hivyo ukisikia wazee wanalalamikia hati za mashamba, jua kwamba habari ile ina mzizi katika manowari zilizotia nanga Unguja mwaka 1885.

MAFUNZO KWETU

Kwanza, manowari hufanya kazi yake kubwa ikiwa imenyamaza. Inayopigana ni ile ambayo vitisho vyake havikusikizwa.

Pili, anayekulinda kwa silaha zake ndiye anayeamua lini akulinde. Barghash alilindwa 1875, akaachwa 1885, na mlinzi ni yule yule.

Tatu, wageni hawakuvunja mlango. Ulikuwa umefunguliwa na ndugu waliogombana, na dhulma ambayo sisi wenyewe hatukuiondoa. Mwezi huu wa Ramadhan basi tupatane na jamaa zetu tuliokosana nao, kabla hatujatafuta mtu wa nje wa kutuamua.

Nne, tujiandae. Surat al-Anfal aya ya 60 inatuamrisha kuandaa nguvu tunazoziweza. Hii leo kituo cha jeshi la majini kiko kwetu Mtongwe, na mwaka 2012 wanamaji wa Kenya walikuwa katika operesheni iliyoingia Kismayu, mji ule ule alioutaka Khedive. Bahari bado ni siasa. Lakini wangapi katika sisi, vijana wa Likoni tunaoitazama kila siku, tunasoma unahodha, uhandisi wa meli au sheria za bahari? Tukibaki watazamaji wa feri, wengine watatupimia tena.

Ewe Mola wetu, zipatanishe nyoyo zetu, utupe elimu yenye manufaa, na uzikubali saumu zetu. Amin.

Ramadhan Karim. Wabillahi tawfiq.