Ulysses Grant: mkulima mwenye madeni aliyempa mtumwa uhuru, kisha akawa jenerali

Tarehe 29 mwezi wa tatu 1859, mbele ya tribinali ya St. Louis, jimbo la Missouri nchini Marekani, mkulima mmoja mwenye madeni alitia sahihi barua ya kumpa uhuru mtumwa wake, William Jones. Angeweza kumuuza na kupata pesa nyingi. Hakufanya hivyo. Mkulima huyo ni Ulysses Grant, ambaye miaka sita baadaye aliongoza jeshi lililoshinda vita iliyomaliza utumwa Marekani.

Grant alizaliwa tarehe 27 mwezi wa ine 1822 katika jimbo la Ohio, mtoto wa kwanza kati ya sita. Baba yake, Jesse, alikuwa mtengenezaji wa ngozi aliyechukia utumwa. Kijana hakupenda kazi ya ngozi. Alipenda farasi na kulima. Mwaka wa 1839 baba yake alimtuma kwenye chuo cha kijeshi cha West Point, akatoka huko ofisa mwaka wa 1843. Alipigana vita ya Mexico.

Mwaka wa 1848 alimuoa Julia Dent. Hapo ndipo shida ya familia ilianza. Baba ya Julia alikuwa tajiri wa Missouri aliyetumikisha watumwa wapatao 30 kwenye shamba lake. Kwa sababu hiyo, wazazi wa Grant hawakufika kwenye harusi. Kijana akabaki katikati ya familia mbili zisizopatana.

Jeshi lilipomtuma mbali, pwani ya magharibi, mshahara haukutosha kumleta bibi yake na watoto. Mwaka wa 1854, akiwa kapiteni, aliacha jeshi na kurudi kwa jamaa yake. Alilima shamba ambalo Julia alipewa na baba yake, akajenga nyumba ya magogo, akapanda viazi, mahindi na ngano. Alipakia kuni kwenye gari la farasi na kwenda kuziuza mjini St. Louis. Mwisho wa mwaka 1857, mbele ya Noeli, aliweka rehani saa yake ya dhahabu kwa dola 22.

Mwaka uliofuata ugonjwa uliingia nyumbani, na kilimo kikamshinda. Ni katika hali hiyo ndipo alimwachilia Jones, mtumwa pekee ambaye maandishi yanaonyesha alikuwa mali yake mwenyewe. Hata hivyo, nyumbani kwake bado walitumika watumwa wa baba mkwe wake. Mwaka wa 1860 alihamia Galena, jimbo la Illinois, akawa mfanyakazi katika duka la ngozi la baba yake, lililosimamiwa na wadogo zake.

Mwaka mmoja baadaye vita ya wenyewe kwa wenyewe ililipuka, na Grant akarudi jeshini. Mwaka wa 1864 alikuwa mkubwa wa majeshi yote ya serikali. Tarehe 9 mwezi wa ine 1865, Jenerali Lee wa upande wa kusini alijisalimisha kwake. Grant alichaguliwa raisi mara mbili, akatawala tangu 1869 hadi 1877, na akatumia sheria na jeshi kupambana na kundi la Ku Klux Klan lililoua Weusi.

Umaskini ulimrudia uzeeni. Mwaka wa 1884, benki ambamo mwana wake alikuwa mshirika ilianguka kwa sababu ya mshirika mwingine mdanganyifu, na jamaa ikapoteza karibu kila kitu. Mwaka huohuo Grant aligunduliwa kuwa na kansa ya koo. Akaanza kuandika kitabu juu ya maisha yake, ili bibi yake asibaki bila kitu. Alikimaliza siku chache tu mbele ya kufa, tarehe 23 mwezi wa saba 1885.

Kitabu hicho kilimletea Julia zaidi ya dola 400.000. Alifariki mwaka wa 1902, akazikwa kando ya mume wake mjini New York.