Homi Bhabha, baba wa nyuklia India

Alizaliwa Bombay mwaka 1909 na kusomea fizikia Cambridge, Uingereza. Mwaka 1939 akiwa likizoni nyumbani, Vita Kuu ya Pili ilizuka, akabaki. Alitaka India isije kuazima wataalamu ng'ambo siku itakapohitaji umeme wa nyuklia. Mwaka 1945 akaanzisha taasisi ya kuwaandaa. Mwaka 1956 kinu cha utafiti cha Apsara, kilichoundwa na Wahindi kwa mafuta ya urani kutoka Uingereza, kiliwashwa Trombay.

Alifariki katika ajali ya ndege mlimani Mont Blanc, Januari 24, 1966, miaka mitatu kabla kituo cha Tarapur hakijaanza kuzalisha umeme. India ilipojaribu bomu mwaka 1974, Kanada ilisitisha msaada. Wataalamu wa nyumbani wakamalizia vinu wenyewe.