Preston Tucker

Preston Thomas Tucker (21 Septemba 1903 – 26 Desemba 1956) alikuwa mfanyabiashara na mbunifu wa magari kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa gari lake la Tucker 48, ambalo yalitengenezwa 51 tu, na kwa kesi ya ulaghai aliyoshinda wakati kiwanda chake kilikuwa kimekwisha kufa.

Maisha ya awali

Tucker alizaliwa Capac, jimbo la Michigan. Baba yake alifariki mapema, akalelewa na mama yake, aliyekuwa mwalimu, huko Lincoln Park karibu na Detroit. Akiwa kijana wa miaka 16 alikuwa tayari ananunua magari makuukuu, anayatengeneza na kuyauza. Baadaye alijiunga na polisi wa Lincoln Park, inavyosemekana kwa sababu ya kupenda magari yao ya kasi kuliko kazi yenyewe. Husimuliwa kwamba aliondolewa kwenye udereva baada ya kutoboa dashibodi ya gari la polisi ili joto la injini liingie ndani wakati wa baridi.

Mwaka 1935 yeye na fundi mashuhuri Harry Miller waliitengenezea kampuni ya Ford magari ya mbio za Indianapolis. Magari manne yaliingia mashindanoni na hakuna hata moja lililomaliza: sanduku la gia za usukani lilikuwa karibu mno na bomba la moshi, likapata joto na kukwama.

Tucker 48

Kuanzia mwaka 1942 viwanda vya Marekani vilisimamisha magari ya kiraia ili kuhudumia vita. Amani iliporudi watu walikuwa na fedha na hamu ya gari, lakini makampuni makubwa yalirudia miundo ya kabla ya vita. Tucker aliona nafasi hiyo. Alikodi kutoka serikalini kiwanda kikubwa sana huko Chicago, kilichokuwa kimeunda injini za ndege za B-29, akakusanya dola milioni 17 hivi kwa kuuza hisa.

Gari lenyewe, lililochorwa na Alex Tremulis, halikufanana na mengine. Injini ilikaa nyuma. Katikati ya uso wake palikuwa na taa ya tatu iliyogeuka pamoja na usukani ili kumulika kona. Kioo cha mbele kiliundwa kichomoke kwa nje gari likigongwa, na dashibodi ilifunikwa kwa sponji. Mikanda ya usalama ilifikiriwa pia, ikaachwa kwa hofu kwamba wanunuzi wangedhani gari ni la hatari.

Injini kubwa aliyoitaka Tucker mwanzoni ilishindikana. Mahali pake ikawekwa injini ya helikopta, iliyobadilishwa ili ipozwe kwa maji, yenye nguvu za farasi 166. Gari la kwanza lilionyeshwa kwa umma tarehe 19 Juni 1947, baada ya mafundi kukesha wakirekebisha vyuma vya kuegemezea magurudumu vilivyovunjika. Halikuwa na gia ya kurudi nyuma, na uvumi kwamba Tucker haziwezi kurudi nyuma uliendelea hata baada ya kasoro hiyo kurekebishwa.

Kesi

Fedha hazikutosha. Tucker akaanza kuwauzia waliokuwa wakisubiri magari redio, vifuniko vya viti na mabegi ya gari ambalo bado halijaundwa. Aliyenunua alipata nafasi kwenye foleni. Njia hiyo iliitia shaka tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa, ikaanza uchunguzi mwaka 1948. Habari zilipoingia magazetini bei ya hisa ilianguka na kiwanda kikasimama. Wafanyakazi wachache waliobaki waliunganisha magari ya mwisho kwa vipuri vilivyokuwepo.

Tucker na baadhi ya wenzake walishtakiwa mwaka 1949. Upande wa mashtaka ulidai kwamba hakukusudia kamwe kuunda gari, hoja iliyokuwa ngumu kushikilia wakati magari yenyewe yalikuwa yakitembea barabarani. Mawakili wa utetezi hawakuita shahidi hata mmoja. Tarehe 22 Januari 1950 washtakiwa wote waliachiwa huru.

Tucker mwenyewe aliamini kwamba wakubwa wa Detroit na seneta Homer Ferguson wa Michigan ndio waliomwangusha. Hilo halijathibitishwa, na uendeshaji wa fedha wa kampuni yake ulitosha kuiletea matatizo hata bila adui wa nje.

Miaka ya mwisho

Baada ya kesi alipanga kuunda gari dogo nchini Brazil, lakini mpango huo haukufika mbali. Alifariki Ypsilanti, Michigan, kwa saratani ya mapafu akiwa na miaka 53.

Mwaka 1988 Francis Ford Coppola, ambaye baba yake alikuwa amenunua hisa za Tucker, alitoa filamu kuhusu maisha yake, Jeff Bridges akiigiza kama Tucker. Magari mengi kati ya yale 51 yangalipo, baadhi katika majumba ya makumbusho. Moja liliuzwa kwa mnada mwaka 2012 kwa zaidi ya dola milioni 2.9. Sehemu ya kiwanda cha Chicago sasa inatengeneza peremende.