Edwin Link, fundi wa vinanda aliyefundisha mapiloti wakiwa bado chini

Kijana anayecheza mchezo wa kurusha ndege kwenye ordinatere anaijua hii shida. Anasukuma usukani kushoto, ndege inabaki palepale, kisha inageuka kwa ghafla wakati kiwanja kimeshapita. Prosesere imechelewa kupiga hesabu, ao kadi ya picha imechelewa kuchora, ao intaneti imechelewa kuleta habari za wachezaji wengine. Mwenye kucheza anajilaumu bure, kumbe mashini ndiyo imeshindwa kufuata mkono wake.

Edwin Link alipambana na shida ya namna hiyo karibu miaka 100 iliyopita, na hakuwa na ordinatere hata moja. Alikuwa na mivukuto, matiyo na pompi ya kunyonya hewa.

Alizaliwa tarehe 26 Julai 1904 kule Huntington, katika jimbo la Indiana, Marekani. Mwaka wa 1910 baba yake akanunua kiwanda cha vinanda kilichokuwa kimefilisika katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, na familia ikahamia huko. Kiwanda kilitengeneza piano zinazojipiga zenyewe na vinanda vikubwa vya kuwekwa katika nyumba za sinema, maana wakati ule filamu hazikuwa na sauti. Ndani ya hivyo vinanda, hewa ndiyo ilikuwa inafanya kazi yote. Edwin alikomaa katikati ya hayo matiyo, na mikono yake ikajua vizuri namna hewa inavyoweza kusukuma kitu, kukivuta, na hata kukichelewesha kama kuna fasi inayovuja.

Mwaka wa 1920 alienda kuchukua somo lake la kwanza la kurusha ndege, huko California. Akalipa dola 50, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa pesa nyingi kwa kijana. Mwalimu akampeleka juu, akapindua ndege, akaizungusha, akarudi chini. Link hakugusa usukani hata mara moja. Alikuwa ameenda kujifunza, akarudi kama abiria.

Hata hivyo hakuacha. Alijifunza polepole, na kati ya mwaka wa 1927 na 1929, katika chumba cha chini cha kiwanda cha baba yake, akatengeneza ndege isiyoruka. Kilikuwa ni kisanduku cha mbao chenye kiti, usukani, na mabawa mafupi, kikikaa juu ya mivukuto kama ile ya vinanda. Mwanafunzi akisukuma usukani, mlango mdogo wa hewa ulifunguka, pompi ikanyonya, mvuto mmoja ukanywea na mwingine ukajaa, na kisanduku kikainama. Kila kitu kilitegemea vyombo. Pompi ikikosa nguvu ao ngozi ikipasuka, kisanduku kiliinama kwa kuchelewa, na mwanafunzi angejifunza vibaya, angezoea kungojea kitu ambacho ndege ya kweli haingojei.

Wenye shule za ndege hawakuitaka. Waliona ni kitu cha kuchezea tu, na kweli mashini za kwanza nyingi zikauzwa kwenye viwanja vya michezo, fasi watu walikuwa wanatumbukiza pesa ya chuma ili wajifurahishe dakika chache. Kwa hiyo wale wanaosema leo kwamba mchezo na mafunzo ni vitu viwili tofauti, wakumbuke kwamba hii mashini ilianzia kwenye mchezo.

Link aliongeza kitu kimoja kilichobadilisha yote: saa za kupimia, kama zile za ndani ya ndege, na kifuniko cha kumfunika mwanafunzi asione nje. Sasa mtu alilazimishwa kuamini mishale na si masikio yake. Ndani ya mawingu masikio yanadanganya. Mtu anadhani yuko sawasawa kumbe ndege imeinama na inashuka.

Mapema mwaka wa 1934 serikali ya Marekani iliyanyang'anya makampuni kazi ya kupeleka barua kwa ndege, ikaipa jeshi. Ilikuwa wakati wa baridi kali. Mapiloti wa jeshi wengi hawakuzoea kuruka usiku ao ndani ya ukungu. Katika miezi michache, zaidi ya 10 wakafa. Wakubwa wa jeshi wakaenda Newark kumngojea Link aje awaonyeshe mashini yake. Siku hiyo ukungu ulifunika kiwanja, wakakata tamaa, wakataka kujiendea. Kisha wakasikia mlio wa ndege. Link alikuwa ametoka Binghamton, amefuata mishale yake tu, akatua. Jeshi likaagiza mashini 6, kila moja kwa dola karibu 3,500.

Katika vita ya pili ya dunia, zaidi ya mashini 10,000 zilitengenezwa, na karibu watu 500,000 wa jeshi la anga walipitia ndani yake. Sanduku la bleu, ndivyo walivyoliita.

Nyuma ya vita, hewa ilifika mwisho wa nguvu zake. Ndege za jeti zilikuwa za haraka kuliko mivukuto, na namna zinavyojibu mkono wa piloti ilitaka hesabu ya kweli. Makampuni mengine yakaanza kupiga hiyo hesabu kwa umeme, na ya Link pia ikabidi ifuate. Mwaka wa 1954 akauza kampuni. Jina lake likabaki kwenye mashini walizofanyia mazoezi watu wa Apollo, na hizo sasa zilikuwa na ordinatere.

Yeye akageukia bahari. Alitengeneza vyombo vya kukaa chini ya maji, na mwaka wa 1962 akashuka mwenyewe, akabaki huko saa 8. Tarehe 17 Juni 1973, karibu na Key West, chombo alichosaidia kutengeneza kilinaswa kwenye meli iliyozama. Ndani yake alikuwemo mtoto wake Clayton. Dawa ya kusafisha hewa chafu ilishindwa kazi juu ya baridi, na Clayton akafa pamoja na mwenzake mmoja. Link hakuficha uso. Alikaa akatengeneza kifaa cha kuokoa watu walionaswa namna hiyo.

Alipokuwa mzee, karibu na mwaka wa 1980, Bruce Artwick akatoa mchezo wa kurusha ndege kwa ordinatere ya Apple II. Milima ilikuwa mistari tu, na picha ilibadilika mara chache kwa sekunde, maana prosesere ya ile mashini haikuweza zaidi. Mtu alisukuma, akangojea. Link akafa Binghamton tarehe 7 Septemba 1981, akiwa na miaka 77.