Hermann von Helmholtz

Tazama mboni ya jicho la mwenzako. Mbona ni nyeusi, hali mwanga huingia humo? Helmholtz, aliyezaliwa Potsdam, Ujerumani, mwaka 1821, alipenda fizikia, lakini kwa ufukara wa baba yake akasomea udaktari kwa fedha za serikali. Alieleza kwamba mwanga hurudi kwa njia ile ile ulimoingilia. Atazamaye akisogea, kichwa chake huuziba. Mwaka 1850 alitumia vipande vya kioo angavu, gundi na karatasi ngumu. Kioo kiliakisi mwanga wa taa kuingia jichoni, naye akachungulia kupitia kioo hicho hicho. Akaiona mishipa ya damu ya retina! Kabla ya hapo, vipofu wengi walikuwa na macho yaliyoonekana mazima, na madaktari hawakujua kilichoharibika ndani. Helmholtz alifariki mwaka 1894. Chombo cha namna hiyo hutumika hata sasa kutambua madhara ya kisukari machoni.