Harry Thuku na swali la mipaka ya serikali

Eneo la Kiuu katika Ruiru leo limejaa nyumba za kupangisha, vibanda na vituo vya matatu. Kijana aliyezaliwa hapo ataona shida kuamini kwamba ardhi iliyo kati ya Ruiru na Thika iliwahi kufunikwa na mibuni ya walowezi. Katika mashamba ya namna hiyo ndimo lilimozuka swali lililoyatawala maisha ya Harry Thuku: serikali inaweza kumlazimisha mtu kufanya nini, naye mtu ana haki gani ya kuikatalia?

Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, Kiambu, akasomeshwa na wamishenari wa Gospel Missionary Society. Akiwa kijana alielekea Nairobi kutafuta riziki. Alipanga herufi katika kiwanda cha gazeti la Leader, kazi iliyomzoesha kusoma kwa makini yale ambayo walowezi walikuwa wakiyataka kwa serikali yao, kisha akaajiriwa na Hazina kuhudumia simu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, mzigo wa Mwafrika ulizidi. Mwaka wa 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maafisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi kwa walowezi. Chifu aliposikia neno kuhimiza alielewa kulazimisha. Wanawake na wasichana walipelekwa kuchuma kahawa, na malalamiko kuhusu waliyotendewa huko yakaenea vijijini. Kodi ilipanda hadi shilingi 16. Juu ya hayo kulikuwa na kipande, cheti chenye alama za vidole ambacho kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kutembea nacho, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Aliyeacha kazi kabla mwajiri hajaidhinisha kuondoka kwake alihesabiwa mhalifu. Hivyo mapatano ya kazi kati ya watu wawili yaligeuzwa kuwa jambo la polisi na jela, lakini kwa upande mmoja tu.

Mwaka wa 1921 walowezi walipoamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja, Thuku na wenzake waliunda Young Kikuyu Association. Muda si muda chama hicho kikawa East African Association, jina lililochaguliwa ili mlango uwe wazi kwa Waafrika wa makabila yote. Mhindi M. A. Desai, mhariri wa East African Chronicle, aliwasaidia.

Hapo mitazamo mitatu iligongana. Kwa walowezi, serikali ilikuwapo ili kuwapatia ardhi na vibarua wale waliodai kuistawisha nchi. Machifu, wakiwemo Kinyanjui wa Gathirimu na Koinange wa Mbiyu, waliyajua mateso ya watu wao na wenyewe walikuwa na malalamiko kuhusu ardhi, ila waliamini kwamba raia hana budi kupeleka kilio chake kwa wakubwa wake, ngazi kwa ngazi. Thuku aliruka ngazi zote. Alituma simu ya maandishi moja kwa moja hadi London akieleza malalamiko ya watu na kuwataja Wahindi kuwa marafiki wa Waafrika. Machifu walihisi wamevuliwa nguo hadharani. Serikali nayo ilimfukuza kazi.

Kufukuzwa kulimwachia nafasi ya kuzunguka. Katika mikutano yake aliwataka watu wakatae kufanya kazi ya kulazimishwa, na wanawake wakamtungia nyimbo za kumsifu. Mnamo Machi 14, 1922 alikamatwa, na siku mbili baadaye maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi alikozuiliwa. Wajumbe waliokwenda kuonana na wakuu wa serikali walirudi wakiuomba umati utawanyike. Baadhi ya wanaume walianza kuondoka. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliinua vazi lake, tendo ambalo kwa mila za Wakikuyu ni fedheha kubwa kwa mwanamume, akawakejeli kwa woga wao. Umati ulisonga mbele na polisi wakafyatua risasi. Wazungu waliokuwa katika hoteli ya Norfolk, ng'ambo ya barabara, inasimuliwa kuwa nao walifyatua. Serikali ilikiri vifo 21. Simulizi nyingine zinataja idadi kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Thuku hakufikishwa mbele ya hakimu. Gavana alikuwa na uwezo wa kumhamisha Mwafrika bila kesi, akautumia. Alipelekwa Kismayu, baadaye Lamu, Witu na Marsabit. Akiwa kizuizini, serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka wa 1923 kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulie katika Kenya. Mtu aliyeyasema hayo kabla yao aliendelea kuzuiliwa hadi mwishoni mwa 1930.

Aliyerudi Kambui hakuwa yule waliyemtarajia. Mwaka wa 1932 alichaguliwa rais wa Kikuyu Central Association, lakini ugomvi ukakigawa chama, na mwaka wa 1935 akaanzisha Kikuyu Provincial Association, ambacho wanachama wake waliahidi utii kwa Mfalme na kufuata njia za kisheria pekee. Mwaka wa 1944 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Kenya African Union, kwa muda mfupi. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, aliwapinga Mau Mau waziwazi.

Wengi walimwita msaliti. Hukumu hiyo ni ya haraka. Thuku wa 1921 naye alitaka serikali ifungwe na sheria. Silaha zake zilikuwa barua, simu na mkutano wa hadhara. Udhaifu wake ulikuwa kwingine. Yeye, aliyekaa kizuizini zaidi ya miaka minane bila kesi, hakutoa jibu la kutosheleza kwa vijana waliouliza sheria hiyo ni ya nani, na mtu afanye nini iwapo sheria yenyewe ndiyo inayomnyang'anya shamba. Wapiganaji wa msituni walikuwa na jibu lao, nalo liligharimu damu nyingi, nyingine ikiwa ya Wakikuyu wenzao.

Thuku aligeukia shamba lake. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa imewazuia Waafrika wa Kiambu kupanda kahawa, zao lile lile ambalo binti zao walilazimishwa kulichuma. Vizuizi vilipolegezwa akawa mkulima hodari, na mwaka wa 1959 akawa Mwafrika wa kwanza kuketi katika bodi ya muungano wa wakulima wa kahawa, KPCU. Alifariki Juni 14, 1970. Barabara ipitayo kando ya hoteli ya Norfolk sasa inaitwa Harry Thuku.